Gombo, Barua na Upande Mmoja wa Kanga

Usiku wa jana niliota nimepeleka makande jangwani.

Sufuria lilikuwa kichwani juu ya kata, na mfuniko nilikuwa nimeufunga kwa kitambaa kama tunavyofanya tukienda msibani. Sikushangaa. Mtu aliyebeba makande ya moto hana nafasi ya kushangaa, anaangalia mguu unakanyaga wapi. Nilikuwa nakanyaga chumvi nyeupe. Mbele yangu kulikuwa na bahari isiyo na hata ndege mmoja, na kando yake majabali yenye mapango.

Nilijua ni wapi. Alhamisi, kwenye kipindi cha akina mama, Mwinjilisti Elirehema alikuwa ametufundisha habari za mahali pale. Alisema ndani ya mapango yaliyo kando ya Bahari ya Chumvi yalikutwa magombo ya ngozi, mengine yamehifadhiwa mitungini. Inaaminika kwamba walioyaandika ni Wayahudi waliojitenga na wenzao, wakaenda kukaa nyikani wakingoja. Waliishi kabla kidogo ya Wakristo wa kwanza, na wengine wakati uleule. Ajabu ni kwamba maandishi yao na maandishi ya Wakristo wa kwanza yanafanana kama ndugu. Hawa wanajiita wana wa nuru, na wale wanajiita wana wa nuru. Wote wanaukumbuka unabii uleule wa njia nyikani. Wote wanaweka mali pamoja, wanamega mkate pamoja, na wanamngoja mtu.

Nikanyoosha mkono. "Mwinjilisti, walikuwa wanajuana?"

Akakuna kidevu. "Hakuna ajuaye kwa hakika, Bibi. Pengine walichota kisima kimoja tu, kila mmoja na ndoo yake."

Wenzangu wakaguna, maana saa ya chai ilikuwa imefika. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nikimfikiria mdogo wangu, Namsemba.

Miaka kumi na moja iliyopita Namsemba alijiunga na kikundi kinachojiita Wangojao. Walishuka kutoka huku kwetu milimani Upare, wakaenda kukaa nyikani kule chini kwenye mbuga ya magadi. Wanavaa nyeupe. Wananawa mara nyingi. Hawali na mtu wa nje wala hawapokei barua. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga amevaa kanzu aliyoshonewa kwa shuka, na mikono ya kanzu ilimzidi hata vidole havikuonekana. Nikacheka. Nilicheka kwa mdomo wazi, mbele ya watu, mpaka nikashika nguzo ya baraza. Yeye akageuka, akaenda. Sijamwona tena.

Nilichobaki nacho ni upande mmoja wa kanga. Mama yetu alitununulia doti moja tukiwa wasichana, tukaikata katikati, kila mmoja upande wake. Jina lake linasema: Kilichogawanywa hakijapotea. Pale palipokatwa sikupapinda. Alipoondoka nilijiambia nitapapinda siku tutakapokaa tena pamoja, na sindano nikaichomeka palepale pembeni, ingoje.

Mama alitufundisha kushona wote wawili. Namsemba alishona kwa mkono wa kushoto, mishono yake ikalalia upande wa pili. Watoto wengine walipigwa kwa ajili ya mkono huo, lakini Mama hakumpiga. Alisema tu, "Ilale inakotaka, mradi ishike." Jambo moja ndilo hakuliachia. Ukiinuka kabla kazi haijaisha, usifunge fundo. Fundo linafungwa kazi ikiisha. Uzi uliouacha wazi maana yake unarudi.

Basi, narudi kwenye sufuria.

Mlangoni mwa pango alikuwa amekaa Gombo. Alikuwa wa ngozi kavu, rangi ya chai iliyochemka sana, amejikunja mwenyewe kwa mwenyewe kama mzee mwenye baridi. Kila akikohoa ulidondoka mchanga, na pamoja na mchanga herufi mbili tatu. Aliziokota, akazipuliza, akazirudisha mahali pake.

"Hodi," nasema.

"Wewe ni nani, umetoka wapi, na nani anakushuhudia?"

"Mimi ni Nakijwa. Nimetoka Upare. Wa kunishuhudia ni haya makande."

Ananusa. Ananusa tena. "Ushahidi ni mzuri. Lakini kanuni ni kanuni. Mgeni hagusi chakula cha jumuiya mpaka mwaka upite."

"Mzee wangu, chakula nimekileta mimi."

"Basi usikiguse mwaka mzima."

"Sikuja kula. Namtafuta mdogo wangu. Mwembamba, anashona kwa kushoto."

"Mwaka kwanza," akasema, akaingia ndani kunitafutia mwaka.

Akanitolea mmoja wa mbao, wenye miguu mitatu, na miezi kumi na miwili imechongwa kuuzunguka. Nikaukalia. Ulikuwa mwaka wa kawaida, ila Februari ilikuwa na kibanzi kilichonichoma, nikasogea kidogo kuelekea masika. Jua lilikuwa kali. Mtungi mmoja mkubwa uliokuwa ukutani ukajikokota mpaka kivuli chake kikanifikia.

"Asante," nikauambia.

"Si kitu, Bibi. Nilikuwa nasogea hata hivyo."

Haikuwa kweli. Mitungi haisogei hivi hivi. Lakini ndivyo wanavyosema watu wema, hawataki ulione jambo kubwa.

Mwaka ukaisha, Gombo akauchukua, akaufuta vumbi, akaurudisha ndani. Kisha akanikaribisha. Ndani hapakuwa pango tena. Palikuwa ukumbi mrefu wenye mkeka mmoja usioonekana mwisho, na juu ya mkeka mikate ilikuwa imekaa kwa vyeo, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Hakuna aliyeila. Mkate mmoja ulikuwa umesinzia na jirani yake akaupiga kiwiko.

"Kusinzia kikaoni ni adhabu ya siku thelathini," Gombo akaninong'oneza.

Mwanzo wa mkeka kulikuwa na mahali pamoja pasipokaliwa.

"Pale anakaa nani?"

"Anayekuja. Yeye ndiye atakayeunyosha mkono kwanza, ndipo wengine wale."

"Mnamngoja tangu lini?"

Gombo alihesabu vidole ambavyo hakuwa navyo. "Tangu," akasema.

Nikamwelewa. Nyumbani kwangu kuna kigoda jikoni ambacho wajukuu wote wanajua hakikaliwi.

Nikaliweka sufuria chini. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Mwaka mzima, na makande hayakupoa. Nilifurahi, maana nilikuwa nimeyatia nazi mbili.

"Hodi, hodi wenyewe!" sauti ikaita mlangoni.

Gombo hakujibu. Alijikunja zaidi. Kwa kuwa mimi sikulelewa kuacha mtu amesimama nje, nikaitika, "Karibu!"

Akaingia Barua, mmoja wa zile za Wakristo wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, wa karatasi ya mafunjo, amekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Mwili mzima ulikuwa na alama za vidole vya watu: wengine walikuwa na mafuta mikononi, wengine jasho, mmoja alikuwa amelia. Viatu vyake vilikuwa vimeliwa na njia.

"Shikamoo, Mzee," akamwambia Gombo.

"Simjui huyu," Gombo akaniambia mimi.

"Hunijui! Na maneno uliyovaa je? Hebu sogea nikuone. Si ndiyo haya haya niliyovaa mimi?"

Nikaangalia. Kwa kweli yalikuwa kitambaa kimoja.

"Wana wa nuru ni langu," Gombo akasema. "Nililiandika ningali kijana, ngozi yangu ina manyoya."

"Na mimi nimelibeba nchi kavu na baharini. Mara tatu nimezama nalo."

"Ulilitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa Mama, Mzee! Mwiko wa mama ni wa mtoto gani?"

Gombo akakohoa. Herufi zikadondoka, na safari hii Barua ndiye aliyeinama kuziokota. Hakuhitaji kuuliza zinarudi wapi. Aliziweka kila moja mahali pake.

"Na lile la njia nyikani?" Gombo akauliza, sauti imeshuka.

"Kwa Mama."

"Na maskini wa roho?"

"Lilikuwa nyuma ya mlango, karibu na ungo."

"Ungo wenye kiraka?"

"Huo huo."

Mikate yote ilikuwa macho sasa. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikauliza kile nilichokiuliza Alhamisi. "Samahani. Kumbe mlikuwa mnajuana?"

Mchanga ulidondoka muda mrefu kabla Gombo hajajibu. "Nilimsikia mtu akiimba ng'ambo ya kilima. Wimbo niliujua, hata pale anapokosea. Sikufungua mlango."

"Nami nilisikia mtu akikohoa," Barua akasema. "Nikasema nitapita nikirudi. Kazi yangu ni kufika kwa watu, Bibi, na watu hawaishi. Sikurudi."

"Nilidhani umepita kwa dharau."

"Nami nilidhani umefunga kwa dharau."

Nikafungua kitambaa cha sufuria nikakifunga tena, ingawa hakikuhitaji kufungwa. Nilitaka kitu cha kufanya na mikono.

Gombo akajipangusa. Aliona haya, na wazee wakiona haya hurudi kazini. "Nakijwa wa Upare," akasoma. "Una kesi."

Watu hutusingizia sisi Wapare kwamba tunapenda kesi kuliko nyama. Hii sikuipenda.

"Kucheka ovyo kwa sauti mbele ya watu. Siku thelathini. Unakiri?"

"Nakiri," nikasema. "Nimekiri miaka kumi na moja."

"Hapa mtu hakiri kabla ya ushahidi. Leteni ushahidi!"

Mtungi ule wenye kivuli ukajikokota katikati. Ulikuwa unatoka jasho. "Pole, Bibi," ukaniambia. "Mimi ndiye mtunzaji." Ukafungua mfuniko.

Kicheko changu kikatoka. Sikujua kama kilikuwa kikubwa hivyo. Kilitoka kama ndoo tupu inayoporomoka kwenye mawe ya mtoni, kikazunguka ukumbi mzima, kikapindua mikate ya vyeo vya chini, kikagonga ukuta, kikarudi kunisimamia mbele. Kilinitazama bila ubaya wowote. Nikafunika uso kwa kanga.

Barua akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Hakusema neno, na mtu ambaye amejaa maneno mwili mzima akikunyamazia, ujue amekupa kitu.

"Ushahidi umetosha," Gombo akasema. "Siku thelathini."

"Kuna kingine," Mtungi ukasema.

"Kingine nini?"

"Kilikuwa chini ya hicho. Viliniingia pamoja, sikuweza kuvitenganisha."

Kikatoka kicheko kidogo. Cha puani. Kilijizuia, kikajizuia, kisha mwishoni kikakoroma kidogo kama mwanambuzi. Naapa, dunia nzima hakuna mtu mwingine anayecheka hivyo.

"Huyo ni Namsemba," nikasema. "Lakini yeye hakucheka. Aligeuka akaenda zake."

"Aligeuka ili asionekane," Mtungi ukasema. "Alikuwa ameshaingia kwenye kanuni. Wangemhesabia siku thelathini."

Nikakaa chini kwenye chumvi. Miaka kumi na moja nimekuwa nikikisikia kicheko changu kila nikiinamisha kichwa kwenye mto. Kumbe kilikuwa kikubwa mno, kimefunika cha mwenzake.

Vile vicheko viwili vikatazamana, vikashikana mikono, vikarudi mtungini. Nikaenda kuvichungulia. Mtungi haukuwa na kitako. Ulikuwa kisima kirefu chenye kuta za chokaa, na huko chini, majini mpaka magotini, alisimama mwanamke mwembamba mwenye kanzu nyeupe akifua mikono ya kanzu yake.

Jua likashuka hatua moja, likasimama. "Sabato," Gombo akatangaza.

"Namsemba!" naita.

"Nani anapiga kelele Sabato?"

"Mimi!"

"Mimi ana jina."

"Mimi niliyecheka."

Anainua kichwa. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Zangu bado ni nusu kwa nusu, na yeye ndiye mdogo. "Umechelewa," anasema. "Umekuja na nini?"

"Makande."

"Ya moto?"

"Yana moto."

"Umetia nazi, au umetia kwa mkono wako ule wa birika?"

"Mbili, Namsemba. Nimetia nazi mbili."

"Haa! Kumbe ni ndoto," akasema, akaendelea kufua.

"Panda juu."

"Nipandie wapi? Nimeteleza nikinawa, nikaangukia huku. Ngazi wameondoa. Leo Sabato."

Nikamgeukia Gombo. Alikuwa ameshaanza kusoma bila kuombwa. Sabato hatashushiwa mtu kamba. Hatashushiwa ngazi. Hatashushiwa chombo chochote. Mnyama akianguka majini, asipandishwe kabisa.

"Kwetu hata kondoo anatolewa!" Barua akasema, mikunjo yote imemsimama. "Kondoo, Mzee! Sembuse mama wa watu!"

"Kondoo, hapana."

"Ndiyo maana sikupita kwako!"

"Ndiyo maana sikufungua!"

Wangerudi kule kule kwa miaka elfu mbili mingine. Mimi nimelea watoto saba, najua mtu anayefoka mara nyingi hajamaliza sentensi. Nikamwambia Gombo, "Mzee wangu, soma mpaka mwisho."

Akatazama pembeni. "Mwisho uko ndani sana. Haujakunjuliwa siku nyingi. Unauma."

"Nitakukunjua polepole."

Nikachovya kidole kwenye mafuta ya nazi yaliyoelea juu ya makande, nikampaka palipokauka, nikamkunjua taratibu kama unavyomfungua mtoto mchanga aliyelala. Alilalamika kidogo. Barua akamshika upande wa pili asichanike. Ndani kabisa, penye giza, palikuwa na mstari mmoja wa mwandiko mdogo. Nikausoma kwa sauti, maana Gombo hakuwa na miwani. Ulisema kwamba ikiwa aliyeanguka majini siku ya Sabato ni mtu, basi umtupie vazi lako, apande nalo.

Gombo akajisogeza karibu na mstari ule.

"Hili niliandika mimi?" Gombo akauliza.

"Ni wewe."

"Nilikuwa nimelisahau."

"Uliliandika vizuri," nikamwambia. "Mwandiko umetulia. Ulikuwa unamfikiria mtu."

Akageuza uso ukutani.

Nikavua kanga mabegani, nikaishusha kisimani. Ilishuka, ikashuka, ikakoma. Namsemba aliunyosha mkono mpaka mwisho. Ilipungua shubiri moja.

"Inama!" akasema.

"Nikiinama zaidi tutakuwa wawili humo."

"Daima ulikuwa mfupi." Kisha akafungua kitu kiunoni chini ya kanzu nyeupe, akakiinua. Kilikuwa upande wa pili wa ile doti. Rangi yake ilikuwa bado inang'aa kuliko yangu, kwa sababu alikuwa ameuficha usipigwe na jua. "Teremsha sindano, niunganishe."

"Sindano ni chombo," Gombo akasema, lakini alisema kwa unyonge, kama mtu anayetaka akatazwe.

"Mimi si chombo," sindano ikasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea. "Nimechomekwa kwenye kanga hii miaka kumi na moja. Mimi ni sehemu ya vazi."

Gombo akaipokea hoja ile haraka sana.

Ila uzi haukuwepo. Nilijipapasa kila mahali. Barua akajipapasa; yeye hakuwahi kushonwa. Ndipo Gombo akasogea kisimani, anatembea kwa tabu kwa vile alikuwa bado amekunjuka. Akasema, "Mimi ni vipande vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. Kile cha mwisho hakina neno, kiliachwa tupu ili cha mbele yake kisishikwe na mikono. Chukua uzi wake."

"Kitadondoka, Mzee."

"Mimi nitakishikilia," Barua akasema.

Nikauvuta uzi. Ulikuwa wa kitani, wa rangi ya udongo, umekauka, lakini ulitoka wote bila kukatika. Gombo alifumba macho. Nikautia sindanoni kwa mara ya kwanza bila kuulamba, nikaushusha.

Kanga ikashikwa kule chini. Nausikia uzi unapita. Mama angesema, huyo ni wa kushoto.

"Ulinikasirikia?" nauliza, nimelala kifudifudi ukingoni.

"Wiki mbili. Kisha nikaikata ile mikono ya kanzu. Ilikuwa mirefu kweli."

"Mwaka wa tatu nilikuja langoni kwenu."

"Nilikuona."

"Yule mzee wa lango alisema hamna ruhusa. Lakini alinipa maji kwa kikombe chake mwenyewe."

"Najua. Alifunga siku kumi kwa ajili ya kikombe kile. Hakusema kwa nini."

Hilo sikulijua.

"Mbona hukutoka, Namsemba?"

"Nilikuwa nangoja uite."

"Mimi nilikuwa nangoja utoke."

Uzi ukasimama. Nyuma yangu, Gombo na Barua walikuwa wamekaa wameelekea ukutani, kila mmoja akijifanya hasikii, na kati yao wameshikilia kile kipande kitupu, huku na huku. Mtungi ulikuwa juu yangu na chini yangu, sijui vipi, na kivuli chake kilikuwa kimenifunika.

"Sasa umefika wapi?" nauliza.

"Mshono wa sita. Usiniharakishe. Wewe ulikuwa unashona haraka, na nguo zako zilifumuka kanisani."

"Mara moja tu!"

"Siku ya Pasaka, Nakijwa."

Akacheka. Kwa puani, na kule kukoroma mwishoni. Hakujizuia. Mimi nikacheka kwa mdomo wazi, vicheko vikapanda pamoja, na ukumbi wote hakuna aliyehesabu siku. Mikate iliangua kicheko kwa vyeo, kuanzia mkubwa. Nikahisi uzito wa mtu kwenye kanga. Nikashika kwa mikono miwili, nikaanza kuvuta.

"Usivute!" Namsemba akasema kutoka chini. "Usivute kwanza, dada. Sijafunga fundo."

Jogoo wa jirani yangu Nanzia akawika, nikaamka.

Nilikuwa nimelala chali, mikono miwili imekunja ngumi juu ya kifua. Nje kulikuwa kumepambazuka na ukungu umekaa kwenye migomba. Nilisema, basi. Ndoto ni ndoto. Nikainuka nichukue kanga niende kuwasha moto.

Ilikuwa palepale ninapoitundika, kwenye mbao ya kitanda. Nikapapasa pembeni nisichomwe na sindano. Sindano haikuwepo.

Nikaipeleka dirishani. Pale palipokatwa, pale nisipopapinda miaka yote, kulikuwa na mishono sita. Si ya uzi wangu. Mimi ndani nina mweusi na mweupe tu, na hii ilikuwa ya rangi ya udongo, mikavu. Yote sita ililalia upande wa pili.

Nimeloweka mahindi na maharage. Nazi ziko mbili. Kesho nashuka nyikani, na nikifika langoni nitaita, nitaita kwa sauti yote niliyonayo, na yule mzee nitampelekea kikombe.

Baada ya mshono wa sita uzi unaning'inia, shubiri moja hivi. Nimeufuata kwa kidole mpaka mwisho, mara tatu, nikitafuta fundo. Halipo.